Kivinjari Kinagoma: Ni Programu au Ni Kompyuta Yenyewe?

Malalamiko ni yale yale: kivinjari hakifunguki, kinaganda, kinadai kila tovuti si salama, kinakataa kusasishwa. Na dawa ambayo wengi huikimbilia ni ile ile pia: futa, weka upya. Dawa hiyo huponya mara chache. Kwenye kompyuta yenye Windows 7 inaweza hata kukuacha mikono mitupu, maana ulichokifuta kilikuwa toleo la mwisho linalokubali mfumo huo, na faili utakalolipakua leo halitafunguka. Mara nyingi kivinjari hakina kosa, ila kinadai kitu ambacho kompyuta haina. Ndiyo maana tunaanza na kompyuta.

Kabla hujagusa chochote

Chukua karatasi uandike mambo manne.

- Mfumo: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `winver`, kisha Enter. Kidirisha kitakutajia ni Windows ipi.
- Biti, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) na kichakataji: kwa njia hiyo hiyo andika `msinfo32`. Penye aina ya mfumo, x64 ni Windows ya biti 64, na x86 ni ya biti 32.
- Nafasi iliyobaki kwenye diski C. Ikiwa chini ya GB 5, nusu ya matatizo yaliyo hapa chini yanaweza kuwa na chanzo hicho kimoja.
- Toleo la kivinjari: kwenye upau wa anwani andika `chrome://version`, au `edge://version`, au kwa Firefox `about:support`.

Tunatumia anwani hizi badala ya majina ya vitufe kwa sababu Chrome ya mmoja iko kwa Kiingereza na ya mwingine iko kwa Kiswahili, na kuelekezana kwa simu "bofya pale juu" huishia kwenye ugomvi. Anwani haibadiliki na lugha. Kwenye Edge, weka `edge://` mahali pa `chrome://`. Nyingi zitafanya kazi.

Kisha linda mali yako. Fungua `chrome://bookmarks`, bofya vitone vitatu vya juu kulia ndani ya ukurasa huo, utoe alamisho zote kama faili la HTML. Nywila hutolewa kwenye `chrome://password-manager/settings`, nazo hutoka katika faili la CSV ambalo yeyote akilifungua anazisoma kama gazeti. Liweke kwenye fleshi yako, na kazi ikiisha lifute. Usithubutu kuliacha kwenye kompyuta ya steshenari.

Kinakataa kusakinishwa au kusasishwa

*Mfumo umepitwa na wakati.* Hiki ndicho chanzo cha kwanza, tena kwa mbali. Chrome 109 ya Januari 2023 ndiyo ya mwisho kwa Windows 7, 8 na 8.1, kuanzia 110 inataka Windows 10 kwenda mbele. Edge nayo iliishia 109 kwenye mifumo hiyo. Firefox ilisimama kwenye 115 ESR (ESR ni toleo linalotunzwa kwa muda mrefu), iliyotoka Julai 2023, na Mozilla ikaiongezea muda wa marekebisho ya usalama zaidi ya mara moja. Aliyebaki na XP au Vista mwisho wake ni Chrome 49 au Firefox 52 ESR. Kwa upande wa Mac, High Sierra na Mojave ziliishia Chrome 116, Catalina 128, Big Sur 138.

Dalili zake: dirisha la usakinishaji linachomoza na kupotea, au unapata ujumbe unaolalamika kuhusu `KERNEL32.dll`. Hapo wengi hutafuta faili la DLL mtandaoni. Usifanye hivyo. Faili hilo ni sehemu ya Windows yenyewe, halipachikwi kutoka nje, na tovuti zinazoligawa bure ni njia maarufu ya kuingiziwa virusi.

Kama huwezi kubadilisha mfumo leo, kwenye Windows 7 tumia Firefox 115 ESR kuliko Chrome 109, ambayo iliachwa tangu 2023. Lakini hilo ni la kuvukia tu. Mambo ya benki yafanyie kwenye simu iliyosasishwa. Suluhisho lenyewe hutegemea namba ulizoandika. Mashine ya biti 64 yenye RAM GB 4 inabeba Windows 10, ingawa Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine hiyo hiyo itabeba pia Linux Mint, inayotaka angalau GB 2 za RAM na GB 20 za diski, na huko utapata Firefox ya kisasa. Kwa mashine ya GB 2 sisi tungeenda Linux moja kwa moja. Kuilazimishia Windows 10 ni kumbebesha punda mzigo wa lori.

*Umechukua faili la biti isiyo yake.* Ujumbe utasema faili si programu halali ya Win32. Maana yake umepakua la biti 64 wakati Windows yako ni ya biti 32. Pakua la biti 32. Chrome na Firefox bado zinalitoa kwa Windows. Ila angalia jina la kichakataji kabla ya kuridhika: kompyuta nyingi za mtumba zina kichakataji cha biti 64, lakini aliyeiandaa aliweka Windows ya biti 32. Hapo hata ukiongeza RAM hadi GB 8, mfumo utatumia GB 3 na kidogo tu.

*Intaneti inakatika katikati.* Faili la kawaida la Chrome ni dogo kwa sababu ni mwito tu. Mzigo wenyewe hupakuliwa baada ya kulifungua. Bando likiisha au mtandao ukiyumba, unaanza upya. Tumia `google.com/chrome/?standalone=1` upate faili kamili, kisha lizungushe kwa fleshi kwenye mashine zote za ofisi. Unalipia bando mara moja.

*Diski imejaa.* Kusasisha huhitaji nafasi ya toleo jipya wakati la zamani bado lipo. Andika `cleanmgr` kwenye kile kidirisha cha Windows na R, ufute faili za muda na kilichomo kwenye pipa la taka.

*Sasisho linapotea kila asubuhi.* Jana ulisasisha, leo toleo ni la zamani tena. Hii ni ya kompyuta za intaneti kafe na maabara za shule, na hapo pana programu kama Deep Freeze, ambayo hurudisha kila kitu kilivyokuwa mashine inapowashwa upya. Mwenye nywila ya programu hiyo aifungue kwanza, asasishe, kisha aifunge tena. Bila hivyo unachota maji kwa pakacha.

*Kichakataji hakina SSE3.* Tangu toleo la 89 la mwaka 2021, Chrome haifunguki kwenye vichakataji visivyo na SSE3, kundi la maelekezo ya ndani ya kichakataji: Athlon XP, Athlon 64 za mwanzo, Pentium 4 za kabla ya 2004. Haitoi ujumbe wowote, inanyamaza tu. Hapa hakuna tiba ya programu.

Simama umwite fundi: kama kubadilisha mfumo kunakutaka uingie BIOS (mipangilio ya mashine ya kabla ya Windows) na diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kusimba diski. Bila ule ufunguo wa tarakimu 48, mabadiliko madogo yanaweza kukufungia mafaili yote nje.

"Muunganisho wako si wa faragha" kwenye kila tovuti

Kwanza tenganisha. Ni tovuti moja au zote? Kama ni moja tu, cheti chake (kitambulisho cha kidijitali cha tovuti) kimeisha muda au kimewekwa vibaya, na hilo ni la mwenye tovuti. Kama ni zote, soma msimbo ulio chini ya ujumbe.

`NET::ERR_CERT_DATE_INVALID` ni saa ya kompyuta, karibu kila mara. Cheti cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha; kompyuta inayodhani tuko 2015 huona vyeti vyote vya leo havijazaliwa. Bofya saa kwa kitufe cha kulia, rekebisha tarehe, mwaka na ukanda. Tanzania, Kenya na Uganda ziko UTC+3. Rwanda na Burundi ziko UTC+2. Kuna na hili: mtu anarekebisha saa kwa Kiswahili, saa tatu asubuhi anaiandika 3:00, na kompyuta inabaki nyuma kwa saa sita. Kwa tovuti nyingi hutaona tofauti, lakini iliyobadilishiwa cheti asubuhi hiyo hiyo itakataa kufunguka, na utashangaa kwa nini ni hiyo peke yake.

Saa ikirudi nyuma kila umeme ukikatika, betri ndogo ya ubao mama imekwisha. Ni CR2032, duara la fedha lenye ukubwa wa sarafu, volti 3. Kwenye kompyuta ya mezani unaweza kuibadilisha mwenyewe:

1. Zima, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe.
2. Fungua ubavu wa kasha, gusa chuma cha kasha kwa mkono, utafute betri.
3. Sukuma kile kilimi cha pembeni kwa ukucha au bisibisi bapa. Betri itaruka juu yenyewe.
4. Ipime kwa mita. Iliyoshuka chini ya volti 2.7 hivi haifai.
5. Weka mpya, upande wenye maandishi na alama ya + ukitazama juu.
6. Washa, ingia BIOS, weka tarehe.

Betri ya zamani usiiache mezani: mtoto akiimeza inaunguza koo ndani ya muda mfupi, na hilo ni la kukimbizwa hospitali, si la kungojea. Kompyuta mpakato nyingi hutumia betri yenye waya na plagi yake, chini ya ubao mama. Hiyo mpe fundi.

Saa ikiwa sahihi, angalia kama uko kwenye mtandao wa hoteli au uwanja wa ndege unaotaka kwanza uingie kupitia ukurasa wake. Fungua tovuti isiyo na usimbaji, kwa mfano `neverssl.com`, na ukurasa wa kuingilia utajitokeza.

Kinachofuata ni antivirusi inayochungulia mawasiliano yako. Kwenye Firefox utaona `SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER` au `MOZILLA_PKIX_ERROR_MITM_DETECTED`. Zima kipengele cha kukagua HTTPS ndani ya antivirusi. Si lazima uizime yote. Na kama uko kwenye mashine ya kazini, usizime chochote, maana huenda ofisi imekiweka makusudi.

Mwisho kuna vyeti vya mizizi, yaani vile vikuu vinavyothibitisha vingine, vilivyopitwa. Tarehe 30 Septemba 2021 kilikwisha muda cheti kiitwacho DST Root CA X3, ambacho tovuti nyingi zinazotumia vyeti vya bure vya Let's Encrypt zilikiegemea, na mashine za zamani zikaanza kuzikataa. Chrome za zamani hutegemea orodha ya vyeti ya Windows, lakini Firefox hubeba orodha yake yenyewe. Kwa hiyo kuna kipimo rahisi: tovuti ikikataa kwenye Chrome ya zamani na kufunguka kwenye Firefox, tatizo ni orodha ya Windows.

Simama hapa: ukurasa wa benki, wa kodi au wa pesa za simu ukitoa onyo hili, usibofye kuendelea, hata kama foleni ya wateja imefika mlangoni.

Kinakuwa kizito, vichupo vinaganda

Chrome hukipa karibu kila kichupo mchakato wake, na tangu toleo la 67 la mwaka 2018 hutenganisha tovuti moja na nyingine ili ya wizi isichungulie ya benki. Usalama huo unalipiwa kwa RAM. Mashine ya GB 4 yenye Windows 10 inabaki na kama GB 2 baada ya mfumo kujichukulia chake. Vichupo kumi vyenye video na barua pepe vinazimaliza. Zikiisha, Windows huanza kuhifadhi kwenye diski, na diski ile ya kuzunguka haiwezi kasi hiyo. Ndipo taa ya diski huwaka mfululizo na kipanya kinatembea kama kobe.

Anza na kilicho rahisi. Kwenye Chrome bonyeza Shift na Esc. Linatokea jedwali linaloonyesha kila kichupo na kiendelezi (kiprogramu cha kuongezea kwenye kivinjari) kinakula kumbukumbu kiasi gani. Bofya kichwa cha safu ya kumbukumbu ili mlafi apande juu. Firefox ina ukurasa wa `about:processes` kwa kazi hiyo hiyo. Mara nyingi mlafi si tovuti, ni kiendelezi kilichowekwa zamani na kusahaulika. Nenda `chrome://extensions`, uvizime vyote, kisha uwashe kimoja kimoja.

Baada ya hapo fungua `chrome://settings/performance` uwashe hali ya kuokoa kumbukumbu, ambayo hulaza vichupo usivyovitazama. Ongeza kwenye orodha ya kutolazwa ile tovuti unayojazia fomu ndefu, la sivyo unaweza kurudi kutoka kunywa chai ukakuta fomu ni tupu. Firefox kwenye Windows hufanya hivyo yenyewe tangu toleo la 93, kumbukumbu inapobana.

Tiba ya ndani ni vifaa, na hapa tuseme wazi: kama una fedha ya kitu kimoja, kwenye mashine yenye diski ya kuzunguka nunua SSD (diski isiyozunguka) kwanza, RAM baadaye. SSD ya GB 240 inabadilisha kompyuta nzima. Ila ikiwa RAM ni GB 2, hapo RAM inatangulia.

Ukinunua RAM ya kompyuta mpakato, usitaje "DDR3" tu dukani. Geuza ile ya zamani usome karatasi yake. Penye `PC3L`, herufi L maana yake ni volti 1.35, `PC3` bila L ni volti 1.5. Kompyuta mpakato nyingi za kizazi cha nne cha Intel na kuendelea hazitaki ya volti 1.5: utaichomeka, itawaka taa, kioo kitabaki cheusi, na utadhani umeiua mashine. Rudisha ya zamani, itawaka. Bora uende dukani na kipande chenyewe mkononi.

Simama: diski ikianza kugonga au kukwaruza, zima mara moja. Usijaribu kunakili mafaili "haraka haraka". Kila mzunguko unaongeza uharibifu. Hiyo ni kazi ya mtu wa kuokoa data.

Video zinakwama lakini sauti inaendelea

Hakikisha kwanza si mtandao: ule mstari wa kijivu chini ya video ukiwa mbele ya alama nyekundu na picha bado inakwama, intaneti haina hatia.

YouTube hupenda kutuma video za miundo ya VP9 au AV1 kwa sababu inabana vizuri. Lakini kadi ya picha ya zamani haijui kuzifungua, basi kazi yote inaangukia kichakataji, feni inapiga kelele, picha inaruka. Kwa Intel, ufunguaji kamili wa VP9 kwenye kifaa ulikuja na kizazi cha saba, na AV1 na cha kumi na moja. Kompyuta yenye Core i5 ya kizazi cha tatu, ambazo zimejaa madukani kwa mtumba, kati ya miundo ya YouTube inajua H.264, ule wa zamani, peke yake. Shusha ubora hadi 480p, na kama haitoshi weka kiendelezi cha aina ya h264ify, kinachoiambia YouTube ikuletee H.264. Utatumia bando zaidi kidogo kwa ubora ule ule, lakini kompyuta itapumua.

Kioo kikiwa cheusi, kijani, au maandishi yakigeuka mabaka, tatizo ni draiva ya picha. Fungua `chrome://settings/system`, zima uharakishaji wa kadi ya picha, uanzishe kivinjari upya. Ikipona, tafuta draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, usasishe, kisha uwashe tena kipengele hicho. Kukiacha kimezimwa daima ni kumtwisha kichakataji mzigo usio wake. Kama mabaka yanaonekana hata kwenye nembo ya kuwashia, kabla Windows haijaja, ni kadi au kioo. Fundi.

Ukurasa unafunguka nusunusu, kitufe hakibonyezeki, fomu haiendi

Fuata mpangilio huu, usiruke.

Bonyeza Ctrl na F5 ili ukurasa uletwe upya badala ya kusomwa kwenye akiba. Bado? Ufungue katika hali fiche: Ctrl, Shift na N kwa Chrome, Ctrl, Shift na P kwa Firefox. Ukifanya kazi humo, basi ni vidakuzi (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kivinjari) au kiendelezi. Futa vidakuzi vya tovuti hiyo pekee kupitia alama iliyo kushoto mwa anwani; kufuta vya tovuti zote ni kujitoa kwenye akaunti zako zote, halafu uanze kuzikumbuka nywila. Kizuia matangazo ndicho kinachofuata kushukiwa, hasa risiti au namba ya malipo ikitakiwa kutokea kwenye dirisha jipya na isitokee.

Ikigoma hata kwenye hali fiche, toleo la kivinjari ni la zamani kuliko tovuti. Rudi sehemu ya kukataa kusakinishwa au kusasishwa.

Fomu za PDF zina ugonjwa wao. Unafungua, unaona maneno ya Kiingereza ya kukuambia usubiri, na hayaishi. Hiyo ni PDF ya aina ya XFA. Chrome kwa kawaida haiifungui. Firefox inaifungua tangu toleo la 93, au ipakue uifungue kwa Adobe Reader.

Mifumo ya zamani ya ofisi iliyojengwa kwa ajili ya Internet Explorer ni habari nyingine. IE 11 ilistaafishwa 15 Juni 2022, lakini Edge ina hali yake ya IE: nenda `edge://settings/defaultBrowser`, ruhusu tovuti kupakiwa kwa hali hiyo, ongeza anwani. Kibali hudumu siku 30, kisha unaongeza tena. Kinachotaka Flash kimekufa. Adobe iliifunga mwisho wa 2020. Anayekuuzia "Flash mpya" anakuuzia virusi.

Hakifunguki, au kinajifunga chenyewe

Kwanza kabisa ni mchakato uliobaki nyuma. Ctrl, Shift na Esc, tafuta Chrome au Firefox kwenye orodha, uimalize, jaribu tena.

Pili ni wasifu ulioharibika, yaani folda yenye mipangilio na alamisho zako, na hili hufuata kukatika kwa umeme mashine ikiwa wazi. Funga kivinjari, bonyeza Windows na R, andika `%LOCALAPPDATA%\Google\Chrome\User Data`. Utaona folda iitwayo `Default`. Usiifute, ibadilishe jina iwe `Default-zamani`. Fungua Chrome: itajitengenezea mpya. Kama imefunguka, ifunge, uchukue kutoka folda ya zamani faili moja tu liitwalo `Bookmarks`, lisilo na kiambishi chochote, uliweke kwenye mpya. Ukinakili folda yote unaurudisha ugonjwa. Kwa Firefox, shikilia Shift unapoifungua uingie hali ya utatuzi. Ikikaa sawa humo, nenda `about:support` ubofye kitufe cha kuiburudisha. Alamisho na nywila hubaki, viendelezi huondoka.

Tatu ni RAM mbovu. Dalili yake ni kutokuwa na mpangilio: leo `STATUS_ACCESS_VIOLATION`, kesho msimbo mwingine, na hata Word inajifunga. Andika `mdsched.exe`, ruhusu kompyuta ijiwashe upya, iache ipime. Ikitoa kosa, zima, chomoa umeme, toa RAM, sugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, uirudishe hadi vilimi vya pembeni vilie. Zikiwa mbili, jaribu moja moja.

Ile sanduku ya kugawa umeme ndani ya kasha usiifungue hata ukiwa umechomoa waya. Kapasita zake hushikilia umeme.

Viendelezi vimezimika vyenyewe

Kwenye Chrome ni uamuzi wa Google: viendelezi vya muundo wa Manifest V2 vimeondolewa, na uBlock Origin ni miongoni mwao. Mbadala ni uBlock Origin Lite, au kuhamia Firefox, inayokubali ile kamili. Kwenye Firefox ya zamani chanzo ni kingine: cheti kikuu cha Mozilla kiliisha 14 Machi 2025, na matoleo ya chini ya 128, au ESR ya chini ya 115.13, hupoteza viendelezi. Sasisha tu.

Matangazo yanaruka, ukurasa wa utafutaji umegeuka

Matangazo yanayotokea pembeni ya kioo, hata kivinjari kikiwa kimepunguzwa, kwa kawaida si virusi bali arifa ulizoruhusu bila kujua. Nenda `chrome://settings/content/notifications`, ondoa kila tovuti usiyoijua.

Ukurasa wa utafutaji ukigeuka, ondoa viendelezi usivyovitambua, kisha tumia `chrome://settings/reset`. Ikirudi baada ya kuwasha upya, fungua `chrome://policy`. Kwenye kompyuta ya nyumbani ukurasa huo unapaswa kuwa mtupu. Ukikuta kanuni humo, kuna programu imejifanya mkuu wa ofisi. Pima kwa Windows Defender ile ya nje ya mfumo, inayowasha upya mashine kabla ya kukagua. Rejesta, hazina ya mipangilio ya Windows, usiichokonoe kama hujui unachofuta.

Dirisha likijaa kioo zima, likipiga kelele na kutoa namba ya simu ya "Microsoft", usipige. Bonyeza F11 au shikilia Esc, na ikishindikana limalize kwa Ctrl, Shift na Esc. Kama ulishaingiza namba ya kadi, au ulimruhusu mtu aingie kwenye kompyuta yako kwa mbali, chomoa intaneti sasa hivi, badilisha nywila kwa kifaa kingine, na upige benki kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi, si ile iliyotokea kwenye kioo.